Asali ya Wajina

“Tutalala kwa nani?”

Aliyeuliza ni mpwa wangu, binti wa kwanza wa dada yangu. Tulikuwa tumekaa uani kwetu Kasokola, nje kidogo ya mji wa Mpanda, tunapukuchua mahindi. Mimi nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam, na katika umri ule niliamini kwamba swali lisilo na jibu ni swali lililoulizwa vibaya.

“Tutalala gesti,” nikamwambia.

“Gesti ni kwa nani?”

“Si kwa mtu. Ni nyumba ya kulala wasafiri.”

“Mwenyewe tunamjua?”

“Hatumjui.”

“Sasa nani atatukaribisha?”

Mdogo wake wa kiume akadakia, “Mbu!” Wakacheka wote wawili, na yule wa mwisho, ambaye alikuwa hajui wanacheka nini, akacheka kuwazidi. Mimi nikainamia gunzi langu. Ilikuwa miaka ya tisini, na hakuna mtoto wa kwetu aliyekuwa amewahi kulala mahali ambapo hakuna mtu wa kumpokea mzigo na kumuuliza wa nyumbani hawajambo. Hata mimi mjini nililala chuoni tu, kwenye kitanda nilichopewa na serikali.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Dada na shemeji walikuwa wamehamia Tanga, ambako shemeji alipata kazi kiwandani, na watoto wao watatu waliachwa kwa mama yangu mpaka nyumba ipatikane. Nyumba ilikuwa imepatikana. Mimi likizo ilikuwa inaisha. Kwa hiyo ikakubaliwa kwamba Mama na mimi tutawachukua watoto kwa treni, Mpanda mpaka Tabora, Tabora mpaka Dar es Salaam, tupumzike Dar siku mbili, halafu Mama aendelee nao Tanga kwa basi na mimi nirudi chuoni.

Zile siku mbili nilizipanga mimi. Nani mwingine angezipanga? Pale uani mimi peke yangu ndiye niliyeujua mji. Niliwauliza watoto kila mmoja anataka kuona nini, jambo ambalo Mama aliliona kama kichekesho, maana kwetu mtoto haulizwi anataka kuona nini, anapelekwa. Wa kiume aliwahi kufika Karema, akaliona Ziwa Tanganyika, na alitaka kujua kama bahari inalizidi au watu wa Dar wanajisifu tu. Mdogo alitaka askrimu, kitu alichokisikia redioni. Binti mkubwa nilimweleza habari za lifti, chumba kinachopanda ghorofani chenyewe na watu ndani, na siku mbili nzima hakuniamini.

“Na wewe unataka kuona nini?” nikamuuliza.

“Mimi namwona wajina wangu,” akasema, kama mtu anayekumbusha jambo lililokwisha kuamuliwa.

Wajina wake alikuwa shangazi yetu, dada mkubwa wa marehemu baba. Alikuwa ameolewa Dar es Salaam tangu zamani, akafiwa na mume, akabaki huko, Mbagala. Mara ya mwisho kumwona Mpanda ilikuwa tulipomzika Baba. Dada yangu wakati huo alikuwa mjamzito, na Shangazi, akiwa amekaa kwenye mkeka na miguu ameinyoosha, akamnyooshea kidole tumboni: “Humo kama ni wa kike, ni mimi.” Ikawa wa kike, ikawa ni yeye. Tangu hapo kila aliyetoka Dar alikuja na salamu ileile. Namsubiri wajina wangu.

Kwetu jambo hili lina utaratibu wake. Mtoto akienda kumwona wajina wake mara ya kwanza, anampelekea asali, na anaibeba mwenyewe. Mtu mzima haigusi njiani. Wajina anaipokea, anachovya kidole, anamlambisha mtoto kwanza, ndipo anapolamba yeye. Baada ya hapo hata wakikaa miaka bila kuonana, si wageni tena. Mjomba wa Mama, mrina asali wa siku nyingi, alikuwa ameshaleta asali ya kutosha kidumu kidogo cha njano, na binti alikuwa amekitafutia kamba ya kukifunga mfuniko.

Mimi nilikitazama kile kidumu nikaona siku zangu mbili zikiyeyuka. Nilishamtembelea Shangazi mwaka wangu wa kwanza. Nilitoka asubuhi, nikafika mchana, nikakaa sebuleni nikiulizwa habari za watu waliokufa, nikatumwa maji, nikapika, nikaosha vyombo, nikaondoka jua linazama. Nilijua itakavyokuwa: watoto wangesafiri kutoka Mpanda mpaka ukingo wa Tanzania, wakaone sebule.

“Mama,” nikasema jioni moja tukiwa jikoni, “tuna siku mbili tu. Tukienda Mbagala tutakuwa tumekwenda Mbagala. Hakuna bahari, hakuna lifti, hakuna kitu.”

“Mbagala kuna wifi yangu.”

“Wifi yako hahami. Jiji ndilo watoto hawatalipata tena.”

“Jiji utalisalimia?” Mama akauliza, huku anakoleza kuni. “Litakuuliza habari za baba yako?”

“Na Shangazi atawaonyesha nini? Ukuta?”

“Atawaonyesha sura yake.”

“Jina linafanya nini, Mama? Niambie. Huyu mtoto akimwona au asipomwona, ni kitu gani kitabadilika? Atashindwa kurefuka?”

Mama akacheka mpaka akakohoa moshi. “Wewe chuo kimekufundisha kubishana mpaka na makaburi.”

Jirani yetu, mama mmoja wa Kisukuma aliyehamia na mumewe na ng’ombe wao kutoka Shinyanga, alikuwa amekuja kutuletea maziwa, na hakuona sababu ya kujifanya hasikii. “Kwetu ukimpita shangazi njiani,” akasema mlangoni, “siku ya mahari yako atahesabu ng’ombe mpaka kuche. Hata ndama wa tumboni atamtaka.”

“Mimi mahari yangu ni shahada,” nikamjibu.

“Haya. Tutaikamua.”

Walicheka wakagongana viganja. Mimi sikucheka, nilikuwa natafuta hoja. Nikaipata usiku ule, na kesho yake nikaitoa nikiwa nimeinyoosha vizuri. Mama akishawafikisha watoto Tanga atarudi peke yake, hana haraka, hana mtoto wa kumlilia. Atapita Mbagala kwa nafasi, akae na wifi yake atakavyo, ampe asali kwa niaba ya mjukuu. Halafu likizo nyingine nitamchukua binti mwenyewe nimpeleke kwa wajina wake. Hakuna atakayekosa kitu. Asali ni asali, iwe mkononi mwa bibi au mwa mjukuu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mapambano ya siku kadhaa. Mama akapembua mchele kidogo, akatoa kijiwe, akakitupa.

“Basi panga wewe,” akasema. “Wewe ndiye unayeujua mji.”

Nilishangaa hoja yangu ilivyokuwa nzuri. Binti alikuwa amesimama pembeni na kidumu chake. Alikwenda kukiweka ndani, akarudi, akaendelea kupukuchua.

Treni ya Mpanda wakati ule ilikuwa inaondoka inapotaka, na Tabora tulikaa stesheni mpaka watoto wakawajua wauza karanga wote. Binti alilala na kidumu miguuni. Nilimwambia akiweke juu na mizigo mingine, akasema, “Kikimwagika mtasema mimi.” Nikamwambia kwamba si lazima akibebe sasa, tumeshabadili utaratibu, atakibeba bibi. Akaniangalia kama watoto wanavyomwangalia mtu mzima aliyesema neno la aibu bila kujua.

Gesti niliyoichagua ilikuwa karibu na stesheni, upande wa Gerezani, nyumba ya chini yenye ua wa saruji na vyumba vimepangana kama madarasa. Mhudumu, dada mmoja mwenye kijiko cha chai mdomoni, alitufungulia chumba cha vitanda viwili akasema, “Karibuni, maji ya kuoga yapo, mkitaka ya moto semeni.” Akaondoka.

“Ametukaribisha,” nikamwambia binti, kwa ushindi kidogo.

“Hajatuuliza tumetoka wapi,” akasema.

Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda akavua viatu. Akaiangalia shuka, akaipapasa. Akauliza, “Maji wanachota wao?”

“Wao.”

“Na shuka wanafua wao?”

“Ndiyo, Mama. Ni kazi yao.”

Muda si mrefu akajilaza, uso akaugeuzia ukutani, jua likiwa bado juu. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijamwona mama yangu amelala mchana akiwa mzima. Nilidhani amenuna. Nikawachukua watoto tukatoka taratibu, na moyoni nikaanza kusikia kitu kizito ambacho sikukitaka, kwa sababu hoja yangu ilikuwa sawa.

Siku mbili zile zilikwenda kama nilivyozipanga. Tulipanda lifti kwenye jengo moja la ofisi karibu na Posta. Mlinzi alituruhusu kwa kuwa mdogo alimwamkia shikamoo kwa sauti kubwa mpaka watu wakageuka. Ilipoanza kupanda, wa kiume akanishika sketi, na ilipofunguka akasema, “Si chochote.” Tukapanda tena na tena. Tukaenda Feri tukavuka kwa pantoni mpaka Kigamboni na kurudi. Katikati ya maji nikamuuliza, “Haya, Karema au hapa?” Akafikiri. “Hapa ni pakubwa,” akasema, “lakini maji yameharibika, yana chumvi.” Mdogo alikula askrimu, akalia kwamba inauma meno, akamaliza yote.

Binti alikuja kila mahali na kidumu. Nilimsihi akiache chumbani kwa bibi yake, ambaye alisema miguu inamuuma, twende tu. Hakukubali. Ndani ya lifti kilikuwa kifuani kwake. Kwenye pantoni alikikalia. Nilipomnunulia askrimu alikula kwa mkono mmoja. Mtu mmoja Feri akamtania, “Binti, hayo ni mafuta ya taa? Utatuchoma!” Akamjibu kwa heshima zote, “Ni asali. Ni ya wajina wangu, anakaa hapa.”

Anakaa hapa. Yule mtu akaniangalia mimi, akisubiri niseme ni wapi tunapokwenda. Nikajifanya natafuta chenji.

Kila tuliporudi gesti Mama alikuwa ama amelala ama amekaa kitandani miguu juu, anaangalia dirisha. Nikimuuliza kama anaumwa, anasema haumwi. Nikimuuliza kama twende walau jioni tukamsalimie Shangazi tugeuze, maana siku ya pili nilishalegea, anasema, “Ulishapanga, mwanangu. Usipangue.” Sauti yake ilikuwa laini sana. Niliisikia kama adhabu. Mama akitaka kukuchapa hasa, hakuinulii sauti. Hilo nilijua tangu utotoni.

Asubuhi ya kuondoka nikawapeleka kwenye basi la Tanga. Watoto wakanipungia kupitia dirishani, wawili. Binti mikono yake ilikuwa na kazi.

Yaliyofuata niliyajua kwa vipande. Tanga, siku Mama alipokuwa anaondoka, binti alimkabidhi kidumu akalia, naye dada yangu akamwambia aache ujinga, asali iko tele. Mama akapita Dar kurudi Mpanda. Chuoni kwangu hakufika. Likizo iliyofuata nilipomuuliza sababu, alisema aliogopa kunipotezea masomo.

“Na kwa Shangazi?”

Alikuwa anapepeta. Hakuinua macho. “Nilifika. Nilikuta mlango umefungwa. Wakasema kaenda msibani Bagamoyo.”

“Na asali?”

“Niliacha kwa jirani.”

Basi nikamwona. Kwa miaka mingi nilimwona, bila kutaka, kila nilipopita barabara ya kwenda Mbagala: mama yangu, ambaye alikuwa hajui hata upande wa kupandia basi, anatembea peke yake juani na kidumu cha njano, anauliza nyumba kwa nyumba, anafika, anabisha hodi, hakuna mtu. Yote hayo kwa sababu mtoto wake msomi alitaka watoto wapande lifti. Tungekwenda sote siku ile ya kwanza, Shangazi alikuwepo. Nilikuja kuhakikisha kwamba alikuwepo. Alikuwa amekaa mlangoni pake, saa mbili kutoka kwenye pantoni yetu, hajui kwamba wajina wake yuko mji mmoja naye.

Niliapa nitampeleka binti. Nikapanga, nami nilikuwa hodari wa kupanga. Nilijiambia siwezi kwenda kumwona Shangazi mikono mitupu, nikamweleze nini, bora niende na mtoto mwenyewe. Kwa hiyo sikwenda kabisa. Likizo moja nauli haikutosha, nyingine shule za Tanga hazikuwa zimefunga. Mvua za masika za mwaka uliofuata Shangazi akaugua, na taarifa iliyonifikia chuoni haikuwa ya ugonjwa.

Matangani nilipika na kuosha vyombo bila kutumwa. Binti wa jirani mmoja aliyekuwa anamsaidia Shangazi aliniita chumbani akanipa gauni la mtoto, la maua madogo, bado lina harufu ya dukani. “Alisema ni la wajina wake,” akaniambia. Lilikuwa la mtoto wa miaka minne au mitano. Shangazi alikuwa amelinunua siku nyingi, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba wajina wake anakua.

Nikiwa pale niliwauliza majirani ni nani kati yao aliyepokea asali kutoka kwa mama yangu, mwaka uliopita, Shangazi alipokuwa msibani Bagamoyo. Wakatazamana. Mmoja akasema haikumbuki safari hiyo ya Bagamoyo. Marehemu miguu ilikuwa inavimba, hakuwa mtu wa kutoka. Mwingine akasema labda nimekosea mtaa. Mimi, niliyekuwa najivuna kwamba hakuna anayeweza kunidanganya, nikawapima nyuso zao mmoja baada ya mwingine, nikakata shauri kwamba kuna mtu pale ameila asali ya watu na sasa anaona haya.

Gauni nililipeleka Tanga. Binti alilipima kifuani, likaishia mbavuni. Hakulia. “Angeniona angenunua kubwa,” akasema tu, akalikunja vizuri.

Sijui kama jina linafanya kitu. Bado siamini. Lakini lile swali la Kasokola, la tutalala kwa nani, nililibeba muda mrefu, na nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe nikawa natembea nao miji yote nikifikia kwa ndugu, hata ndugu ambao tungefurahi zaidi kutowaona, kulala sebuleni kwenye mikeka na kuulizwa habari za waliokufa. Mume wangu aliniona mshika mila. Sikumweleza.

Mama alizeeka, akahamia Tanga kwa dada yangu, na aliyemhudumia miaka yake ya mwisho alikuwa yule binti, ambaye sasa alikuwa mama wa watoto. Tulipokwisha kumzika, tukiwa tunakunja nguo zake sisi wawili, nikamwambia kwamba nimeishi na deni lake, la siku zile mbili. Nikamwambia habari ya mlango uliofungwa, na Mama na kidumu kwenye jua la Mbagala.

Akaacha kukunja.

“Mama mdogo,” akasema, “Bibi hakufika Mbagala.”

Alikuwa ameambiwa na Mama mwenyewe, karibu na mwisho, kwa sababu asali ilikuwa yake na ndiye aliyestahili kuombwa radhi. Alimweleza jinsi ilivyokuwa siku za msiba wa Baba: wifi yake kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, akiita, “Mke wetu, maji! Mke wetu, huu ugali ni wa wagonjwa?”, na yeye, mjane wa siku chache, anakimbia kutoka jikoni kwenda uani na kurudi. Aliposhuka kwenye basi la Tanga, alikusudia kweli kwenda. Aliuliza mpaka basi la Mbagala. Akaliangalia likijaa, likaondoka.

Alirudi gesti ileile ya Gerezani, akaomba chumba kilekile, akakaa humo mpaka siku ya treni ya Tabora. Asubuhi mhudumu alimletea chai ya maziwa na mkate, naye akaula kitandani kwa kuuchovya kwenye asali ya wajina, na alipomaliza hakuosha hata kikombe.